Kuweka mpaka kwenye maandishi bila kuharibu herufi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kila wiki kutoka kwa vijana wanaochapa fulana, wanaokata stika za bodaboda na wanaotengeneza mabango ya harusi. Mengi yana mzizi mmoja: mpaka umechorwa juu ya herufi, nao umeila. Majibu nayatoa kwa Inkscape, kwa sababu ni programu ya bure ya kuchora na ndiyo ninayofanyia kazi. Wanaotumia Illustrator na CorelDRAW wana sehemu yao huko mbele, ingawa mengi ya humu yanawahusu vilevile.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno matatu. Ujazo ni rangi ya ndani ya herufi. Mstari ni ile rangi inayofuata ukingo wa herufi kwa unene unaoupanga wewe. Mpaka ni kile ambacho jicho la mteja linakiona kimeizunguka herufi kazi ikishaisha. Mstari na mpaka si kitu kimoja, na kuvichanganya huko ndiko kunakozaa nusu ya maswali haya.

## Kwa nini herufi zangu zinakonda nikiziwekea mpaka?

Kwa sababu mstari haukai nje ya ukingo, unakaa katikati yake. SVG, aina ya faili ambayo Inkscape inaitumia, haina namna ya kuusukuma mstari uwe nje tu au ndani tu. Nusu ya unene inaangukia nje, nusu inaangukia ndani. Ukiweka mstari wa milimita 4, milimita 2 zinatoka nje na milimita 2 zinaingia kwenye mwili wa herufi, na zinaingia kutoka pande zote mbili. Mguu wa herufi uliokuwa na upana wa milimita 6 unabaki na milimita 2 za rangi yake.

Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kutafuta fonti nene zaidi. Fonti haina kosa. Aliyeichora alipima kila mguu na kila mkunjo, na wewe umepaka rangi juu ya vipimo vyake.

## Basi nauwekaje mpaka nyuma ya herufi?

Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+Shift+F, kisha nenda kwenye ukurasa wa "Stroke style". Kule chini kuna safu iliyoandikwa "Order", yenye vitufe vidogo vinavyoonyesha kipi kinachorwa kwanza na kipi kinafuata. Chagua kile ambacho mstari unatangulia na ujazo unakuja juu yake. Papo hapo utaona herufi imerudi kwenye umbo lake, na mstari umebaki kuchungulia kwa nje tu.

Sasa hesabu. Kwa kuwa nusu ya ndani imefichwa na ujazo, unene wa mstari lazima uwe mara mbili ya mpaka unaoutaka. Ukitaka mpaka wa milimita 3 uonekane, andika 6. Hili nalisisitiza kila siku, maana mtu anaandika 3, anapata 1.5, halafu anasema programu inamdanganya.

Uzuri wa njia hii ni kwamba maandishi yanabaki kuwa maandishi. Mteja akipiga simu saa nne usiku kusema jina la bwana harusi lina h mbili, unabofya, unaandika, umemaliza. Kasoro yake ni kwamba zipo programu zisizoelewa agizo hilo la mpangilio. Zikifungua faili yako ya SVG zinauchora mstari juu kama kawaida, na herufi zinakonda upya. Ndiyo maana faili ya kumpelekea mtu mwingine huwa natumia njia ya tabaka mbili.

## Hiyo njia ya tabaka mbili ikoje?

Ndiyo njia ya zamani na ndiyo ninayoiamini zaidi. Unakuwa na nakala mbili za maandishi yaleyale mahali palepale. Ya juu haina mstari kabisa, ni ujazo mtupu. Ya chini ina mstari mnene wenye rangi ya mpaka, na ujazo wa rangi hiyohiyo.

Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+D kupata nakala. Nakala inatua juu ya ile ya kwanza na inakuwa imechaguliwa tayari, kwa hiyo bonyeza Page Down ishuke chini. Ipe ujazo kwa kubofya rangi kwenye safu ya rangi iliyo chini ya dirisha, kisha shikilia Shift na ubofye rangi hiyohiyo ili mstari nao uipate. Panga unene. Hakuna programu itakayoshindwa kuisoma kazi hii, kwa sababu hakuna ujanja ndani yake: ni umbo juu ya umbo.

Uangalifu mmoja tu: ukisahihisha neno kwenye nakala moja, sahihisha na ya pili. Nimewahi kuona fulana ambayo ujazo unasema HONGERA na mpaka unasema HONGELA, na R ile ilikuwa imekalia kivuli cha L kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenzake.

## Herufi kama W, M na A zinatoa miiba. Nini kimetokea?

Hapa pana mengi, na ndipo kazi safi inapotofautiana na kazi ya haraka.

Mistari miwili ikikutana kwenye kona, programu lazima iamue namna ya kuimalizia. Zipo njia tatu: kona iliyochongoka, kona ya mviringo na kona iliyokatwa bapa. Kawaida ya mwanzo ni kuchongoka. Katika kona pana haina shida, ila kadiri pembe inavyobana ndivyo ncha inavyokimbia mbali. Umbali wa ncha kutoka kwenye kona unapatikana kwa kuchukua nusu ya unene wa mstari na kuigawa kwa sini ya nusu ya pembe. Chukua kona ya digrii 20, jambo la kawaida kwenye fonti nyembamba na ndefu, na mstari wa milimita 10. Ncha inaruka milimita 28.8 nje ya kona. Karibu sentimita tatu za mwiba, kwenye herufi ambayo pengine yenyewe ina urefu wa sentimita tano!

Ili kuzuia hilo, kuna kikomo cha ncha. Ni namba inayosema urefu wote wa ncha, kuanzia kona ya ndani ya mstari hadi kilele cha nje (yaani mara mbili ya ule umbali wa juu), ukizidi mara kadhaa ya unene wa mstari, ncha ikatwe iwe bapa. Kwenye SVG namba hiyo huanza na 4, maana yake kona yoyote inayobana chini ya digrii 29 hivi inakatwa. Kwenye PDF na PostScript, lugha ya faili za uchapaji, huanza na 10, na huko ncha zinavumiliwa mpaka digrii 11 na nusu. Sasa unaelewa kwa nini kazi moja inaweza kuonekana na kona bapa katika programu moja, kisha ikatoa miiba katika nyingine.

Chukua neno MWANZA. Kila herufi yake ina kona inayobana: M, W, A, N, Z, A. Ukiiacha na kikomo cha 4, baadhi ya kona zitapita chini ya digrii 29 na kukatwa, nyingine zitakuwa juu kidogo na kubaki zimechongoka. Neno moja, kona za aina mbili. Mteja hatajua kutaja kosa lakini atasema "sijui, kuna kitu hakijakaa sawa", naye atakuwa na haki.

Dawa yangu ya kwanza ni kona ya mviringo. Iko kwenye ukurasa uleule wa "Stroke style", safu ya "Join". Kona zote zinakuwa za aina moja, hakuna mwiba, hakuna kukatwa. Kwa fulana, stika na mabango ya sherehe, mviringo karibu kila mara ndio unaopendeza. Pale ambapo herufi zenyewe ni za kona kali na mteja anataka ukali huo ubaki, chagua kona iliyochongoka, kisha panga kikomo wewe mwenyewe ukiangalia herufi inayobana kuliko zote. Kipandishe mpaka kona zote zichongoke, au kishushe mpaka zote zikatwe. Usiache mchanganyiko.

Na kumbuka, miiba mingine inaelekea ndani ya herufi, pale katikati ya M au ndani ya pembe za W. Ile inatokea tu kama mstari uko juu ya ujazo. Ukishauweka nyuma, inafichwa yenyewe.

## Niligeuza maandishi kuwa umbo, na sasa mpaka wa kila herufi umepanda juu ya jirani yake. Kwa nini?

Ulipobonyeza Ctrl+Shift+C, neno lako liliacha kuwa maandishi, likawa kundi la maumbo, kila herufi umbo lake. Maumbo hupangwa moja juu ya lingine, na kila moja linachora mstari wake na ujazo wake kabla lingine halijaanza. Kwa hiyo mstari wa herufi ya pili unachorwa baada ya ujazo wa herufi ya kwanza, na kama zimekaribiana unaikanyaga.

Ziunganishe ziwe umbo moja. Lichague kundi, bonyeza Ctrl+Shift+G kulifungua, kisha Ctrl na alama ya kujumlisha. Baada ya hapo mstari wote unachorwa kwa mkupuo mmoja na ujazo wote unafuata juu. Au tumia tabaka mbili, ambako tatizo hili halipo kabisa kwa kuwa mistari yote iko chini.

## Fonti ya mwandiko wa mkono inaonyesha mistari inayokatiza pale herufi zinapoungana.

Fonti za mwandiko zimechorwa ili mkia wa herufi moja upande juu ya mwanzo wa inayofuata. Zikiwa na ujazo tu huoni kitu, rangi imemeza maungio. Ukiweka mstari, kila herufi inazungushiwa kivyake, na yale mapandano yanajitokeza kama mishono kwenye nguo iliyogeuzwa ndani nje.

Tatizo hilohilo lipo kwenye fonti za kisasa zinazobadilika unene. Humo hata herufi moja, tuseme t au K, inaweza kuwa imejengwa kwa vipande viwili vinavyopandana, na mstari unaonyesha vyote viwili.

Kuna njia mbili. Mstari ukiwa nyuma ya ujazo, maungio mengi yanafichwa bila kazi ya ziada, mradi herufi zote ziwe zinachorwa pamoja. Ukitaka uhakika, au kama kazi inakwenda kukatwa, geuza maandishi kuwa maumbo na uyaunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Usitumie Ctrl+K hapa. Hiyo inayaweka maumbo kwenye kapu moja bila kuyayeyusha, na pale yanapopandana unaweza kupata kitobo cheupe badala ya rangi.

Baada ya kuunganisha, vuta karibu na utembee neno zima. Kwenye maungio mara nyingi hubaki kijipengo chembamba kama unywele, au nodi (zile nukta zinazoshikilia ukingo wa umbo) mbili zilizokaliana. Washa kifaa cha nodi kwa kubonyeza N, zifute kwa mkono. Ctrl+L inayorahisisha umbo inavutia, lakini inagusa herufi nzima na mikunjo inalegea, mimi huiacha.

## Je, maandishi ya Kiarabu yanafuata utaratibu huohuo?

Ndiyo, na huko kuunganisha si hiari. Herufi za Kiarabu zinashikana ndani ya neno kwa asili yake, kwa hiyo kila ungio ni mahali ambapo mshono unaweza kutokea. Anayetengeneza kibao cha msikiti au jina la madrasa, au anayeandika beti za Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, aandike kwanza na ahakikishe herufi zimeshikana sawasawa, ndipo ageuze na kuunganisha. Angalia nukta. Mpaka mnene hufanya nukta mbili za ta ziyeyukiane zikaonekana kama moja, na hapo neno limeshakuwa jingine. Ikitokea hivyo, punguza unene wa mpaka, au zipe nukta nafasi kwa kuzisogeza kidogo kabla ya kuweka mpaka.

## Matundu ya a, e na B yameziba. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mpaka unakwenda nje ya ukingo, na ukingo wa tundu unatazama ndani ya tundu. Mpaka wa milimita 3 unalibana tundu milimita 3 kila upande, hata kama mstari umewekwa nyuma vizuri.

Tundu ama liwe wazi vya kutosha, ama lizibwe lote. Kinachochafua kazi ni kile kitobo kidogo kinachobaki katikati, chenye umbo lisilo na jina, ambacho wino utakifunga nusu na kisu cha plota, mashine ya kukatia stika, kitakichana. Kuziba ni rahisi: nakala ya chini ikishakuwa umbo moja, bonyeza Ctrl+Shift+K liachane vipandevipande, kisha futa vile vipande vya matundu au viunganishe na vingine. Ya juu usiiguse. Utapata herufi yenye tundu la rangi ya mpaka, nayo inasomeka vizuri sana kwa mbali. Mafundi wa maandishi ya daladala na matatu wamekuwa wakifanya hivi kwa brashi kabla ya kompyuta kufika mezani kwetu.

## Nataka mipaka miwili au mitatu, kama maandishi ya matatu.

Ongeza tabaka, na ufanye hesabu kutoka ndani kwenda nje. Tuseme herufi ni ya njano, unataka mpaka mweupe wa milimita 3, kisha mweusi wa milimita 2 nje yake. Nakala nyeupe inapata mstari wa 6. Nakala nyeusi, iliyo chini kabisa, inatakiwa ifike milimita 5 kutoka ukingo wa herufi, yaani 3 jumlisha 2, kwa hiyo mstari wake ni 10. Kosa la kawaida ni kuupa mweusi 4 kwa sababu mpaka wake ni 2. Ukifanya hivyo unazama chini ya mweupe na huuoni.

Kona ziwe za mviringo kwenye tabaka zote, la sivyo mpaka wa nje utachongoka kuliko wa ndani. Na kabla ya yote, achanisha herufi. Maandishi yenye mipaka mitatu yanahitaji nafasi kubwa kati ya herufi kuliko maandishi matupu. Katika Inkscape, ukiwa ndani ya maandishi, Alt pamoja na alama ya > inaongeza nafasi kidogokidogo. Ongeza mpaka mipaka ya ndani iachane, huku ile ya nje ikishikana na kulifanya neno zima kuwa kitu kimoja. Hapo ndipo neno linapata ule uzito unaoutamani.

## Plota inakata katikati ya mpaka, au inakata kila herufi kivyake. Mashine imeharibika?

Mashine ni nzima. Kisu cha plota hakijui unene wa mstari wala rangi yake. Kinafuata ukingo wa umbo, basi. Ule mpaka mzuri unaouona kwenye kioo, kwake haupo.

Kwa hiyo lazima mpaka wenyewe ugeuke kuwa umbo. Chukua nakala ya chini, hakikisha ni umbo moja lililounganishwa, kisha itolee nakala nyingine. Moja ibaki na mstari tu, bila ujazo, na ubonyeze Ctrl+Alt+C ili mstari ugeuke umbo. Chagua hiyo pamoja na ile nakala nyingine, ukishaiondolea mstari, na uziunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Ulichopata ni herufi iliyonenepa, yenye ukingo mmoja wa nje, na kisu kitazunguka mara moja tu.

Kabla ya kutuma, bonyeza Ctrl+5 ili uone kazi kwa mistari mitupu bila rangi. Mtazamo huo hausemi uongo. Kila mstari unaouona hapo, kisu kitaufuata. Ukiona mkato ndani ya mwili wa herufi, rudi ukaunganishe. Kwa stika za nje, mpaka wangu hauendi chini ya milimita 2. Ukiwa mwembamba kuliko hapo unaning'inia wakati wa kumenya, na jua na maji ya kuoshea pikipiki vinaumalizia.

## Kwenye uchapaji wa skrini panabaki pengo jeupe kati ya herufi na mpaka.

Kila rangi ina skrini yake, na skrini mbili hazitui mahali palepale kila mara. Kitambaa kinavutika, fremu inacheza nywele moja, na pengo linaonekana. Kama ulikata mpaka ukaishia hasa pale ujazo unapoanza, hakuna cha kuficha kosa hilo. Acha rangi zipandane. Kanuni ni kwamba rangi nyepesi inapanuliwa kidogo iingie chini ya rangi nzito, kwa kuwa nzito ndiyo itakayofunika. Herufi ya njano yenye mpaka mweusi: ipanue njano kwa mstari mwembamba wa rangi yake, na nyeusi ichapwe mwisho.

## Nilikuza kazi kutoka A4 kwenda bango, mpaka ukabaki mwembamba.

Kuna kitufe kwenye upau wa juu, unapokuwa na kifaa cha kuchagua, kinachoamua kama unene wa mstari unakua pamoja na umbo. Kikiwa kimezimwa, herufi inakua mara kumi lakini mpaka wa milimita 1 unabaki milimita 1. Kiwashe kabla ya kukuza. Kama kazi imeshakamilika, geuza mistari kuwa maumbo na swali hili halitarudi.

Jambo la kuangalia kwenye faili za zamani: Inkscape hadi toleo la 0.91 ilihesabu pikseli 90 kwa inchi, na kuanzia 0.92, lililotoka mwaka 2017, inahesabu 96. Faili ya kale ikifunguliwa bila kurekebishwa, kilichokuwa na milimita 100 kinatokea na 93.75. Programu inakuuliza ufanye nini unapoifungua. Usibofye tu ili dirisha liondoke.

## Situmii Inkscape. Illustrator na CorelDRAW je?

Kwenye Illustrator, chagua maandishi, fungua paneli ya "Appearance", ongeza mstari mpya, kisha uburute chini ya neno "Characters". Maandishi yanabaki ya kuharirika na unaweza kuongeza mistari mingine chini yake kadiri unavyotaka. Kwenye hili Illustrator imewazidi wenzake, na nalisema bila kinyongo. Kugeuza kuwa umbo ni Ctrl+Shift+O.

CorelDRAW: bonyeza F12, weka alama kwenye "Behind fill", na ukitaka mstari ukue pamoja na herufi weka alama kwenye "Scale with object". Kugeuza ni Ctrl+Q. Hesabu ya mara mbili na shauri la kona za mviringo havibadiliki.

## Na kwenye tovuti?

Andika paint-order: stroke pamoja na stroke-linejoin: round kwenye mtindo wa maandishi yaliyo ndani ya SVG. Vivinjari vya leo vinaelewa, na maandishi yanabaki yanayoweza kutafutwa na kunakiliwa.

## Ni lini nigeuze maandishi kuwa umbo?

Mwisho kabisa, na kwenye nakala. Ni lazima ugeuze faili inapokwenda kwa mchapaji, kwa sababu kompyuta yake ikikosa fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza, na mpaka ulioupima kwa fonti moja utaivaa fonti ngeni. Lakini ile ya maandishi hai ihifadhi kwa jina lake.

Niliwahi kugeuza bango la harusi nikahifadhi juu ya faili ileile. Kesho yake mama wa bibi harusi akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, binti yangu ni Mwanaidi, hapa umeandika Mwanadi." Herufi moja. Nilikaa hadi usiku nikichonga i kutoka kwenye mguu wa n, kisha nikasogeza herufi zilizobaki na mipaka yake mitatu. Ilikaa, ila mimi nikiitazama picha ya harusi ile mpaka leo jicho langu linakwenda palepale.

## Mpaka uwe mnene kiasi gani?

Kwa herufi nene za kawaida naanzia sehemu moja ya kumi ya urefu wa herufi kubwa, kisha napunguza. Sentimita 5 za herufi, milimita 5 za mpaka ndio juu kabisa, na mara nyingi naishia 3. Chapisha kipande kwenye karatasi, kibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi.

Na mara nyingine jibu ni usiweke mpaka. Tazama jina la kanga: herufi kubwa, wazi, ndani ya eneo lake lenye rangi moja, na bibi anausoma ujumbe ule upande wa pili wa uwanja. Mpaka una kazi pale mandhari yanapovuruga, kama maandishi yaliyo juu ya picha, au kitambaa chenye maua, au ubavu wa gari wenye rangi tatu. Juu ya rangi moja tulivu, badilisha rangi ya herufi kwanza.

## Alama ya ng' inapotea ndani ya mpaka. Nifanyeje?

Hili ni letu sisi tunaoandika Kiswahili, na mafunzo ya mtandaoni hayaligusi. Katika ng'ombe, ng'ambo au ng'ara, ile alama ndogo iko kati ya g na herufi inayofuata, na mpaka mnene unaimeza au unaigandisha kwenye g. Msomaji anaona ngombe. Weka kishale cha maandishi kabla ya alama, shikilia Alt na ubonyeze mshale wa kulia mara kadhaa ili isogee, kisha fanya hivyohivyo baada yake. Tumia alama iliyopinda ya fonti yenyewe, si ile iliyonyooka kama msumari. Iliyopinda ina mwili mnene juu, na mpaka unaizunguka vizuri. Kama bado inabanwa, igeuze kuwa umbo peke yake kwenye nakala na uipandishe kidogo, iachane na bega la herufi jirani kwa angalau unene mmoja wa mpaka.